Swila Katika Makaratasi ya Baba

Baba yangu hakuogopa fisi wala radi. Alichoogopa ni kupotelewa na karatasi.

Hofu hiyo aliipata ujanani, kabla hajamwoa mama. Alikuwa anarudi kutoka Nkome na mzigo wa dagaa, akakutana na matarishi wa mtemi wakikagua kodi ya kichwa. Kodi alikuwa amelipa, ila stakabadhi ilikuwa imebaki nyumbani, kwenye mfuko wa suruali nyingine. Hawakumsikiliza. Walimfunga kamba kiunoni pamoja na wanaume wengine, wakawapitisha sokoni mchana kweupe, kisha akatolewa jasho barabarani, akivunja mawe, mpaka kaka yake alipotokea na ile stakabadhi mkononi. Yeye mwenyewe hakuwahi kutusimulia jambo hilo. Ni mama aliyetuambia, kwa sauti ya chini, siku tulipomuuliza kwa nini nyumba yetu imejaa makaratasi.

Na kweli ilikuwa imejaa. Tulikaa Segese, miaka ile ya hamsini, baba akiwa karani wa ghala la pamba. Nyumba ilikuwa ya udongo, ndogo, na chumba cha wazazi kilikuwa na dirisha dogo lililozibwa nusu kwa gunia. Chini ya kitanda kulikuwa na stakabadhi za kodi za tangu ujana wa baba, kipande chake cha kazi cha mgodini Geita, vyeti vya ubatizo, vyeti vya chanjo, na barua za watu ambao hata yeye hakuwakumbuka vizuri. Juu yake alirundika vya shuleni: daftari zangu zote tangu darasa la kwanza, ripoti za kila muhula, picha nilizochora za ng'ombe wenye miguu mitano, utepe niliopewa kwenye mashindano ya kukimbia, hata karatasi za mitihani niliyofeli. Chini ya kitanda pakajaa, akaanza kupanga magunia ukutani. Ukuta ukajaa, akachomeka mengine juu ya fito za paa.

Mama hakujua kusoma. Kwake yeye vyote vilikuwa vumbi la aina moja.

"Nyumba hii ni ya watu au ya makaratasi?" aliuliza siku moja akifagia.

"Siku watakapokuja kuuliza, utawapa nini?"

"Watakuja kuuliza daftari la mtoto?"

"Wewe hujui wanachouliza," baba akasema, na mama akaacha, kwa sababu uso wa baba ulikuwa umebadilika.

Panya walikuja kwanza. Usiku tuliwasikia wakitafuna, na asubuhi tulikuta vipande vyeupe vimetapakaa kama pamba iliyochambuliwa. Mama alitega mitego, akaleta paka, paka akaondoka. Mimi nilikuwa nalala sebuleni, nikawazoea. Ndiyo maana sikushtuka mapema. Kila mchakacho niliousikia kutoka chumba kile nilisema moyoni, panya.

Kuna jambo jingine lazima niliseme hapa. Mwaka mmoja kabla ya hayo tulikuwa tumempoteza kaka yangu mdogo, aliyenifuata mimi kuzaliwa. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua wakati wa kiangazi, akiwa darasa la pili. Baada ya matanga, ndugu wa mama walisema vitu vya marehemu visibaki ndani. Nguo zake zikagawiwa. Vitu vyake vya shule baba alimwachia mama avitoe, kwa kuwa yeye hakuweza kuvishika. Mama hakuvitoa. Nilimwona akivitia kwenye kikapu cha ukindu na kukisukuma nyuma ya kihenge cha mtama, palepale chumbani. Aliponiona namtazama, aliweka kidole mdomoni. Sikumwambia mtu.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa kununua pamba. Baba alikuwa ghalani na nilikuwa nimetoka shule. Mama alikuwa amemlaza mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado ananyonya, kwenye mkeka chumbani kwa sababu kulikuwa na ubaridi wa kivuli. Mimi nilikuwa uani natwanga. Nilimsikia mama akisema, "Hawa panya leo watanitambua," kisha nikasikia ufagio ukigonga chini ya kitanda.

Halafu akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena kwa binadamu.

"Nzoka! Nzoka! Mayu wee, macho yangu!"

Alitoka akipepesuka, amejiziba uso kwa mikono miwili, akagonga bega kwenye mwimo wa mlango, akaanguka uani. Nilimkimbilia. Machozi na ute vilikuwa vinamtiririka kati ya vidole. Alinishika mkono, akaukaza mpaka nikaumia.

"Mtoto," alisema. "Mtoto yuko ndani. Mtoe."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Nimezaa, nimezika, nimeugua mpaka watu wakanikatia tamaa, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nilipovuka kizingiti kile. Kutoka kwenye jua sikuona kitu. Nilisimama nikisikia pumzi yangu, na pumzi nyingine kama ya mtu anayepuliza moto kwa hasira. Macho yalipozoea, nilimwona. Alikuwa swila, yule nyoka mtema sumu, mweusi, amesimama juu ya daftari zilizomwagika, shingo imetanuka kama kiganja. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka, upande wa pili, ameamka, anachezea vidole vyake.

Sikuwa na akili ya kufanya lolote la maana. Miguu ilikataa kwenda mbele, nikapiga magoti. Nikageuza uso ukutani ili yule nyoka asiyaone macho yangu, nikanyoosha mkono nikipapasa sakafu hadi nikashika pindo la mkeka. Nikavuta. Mkeka ukaja, mtoto juu yake, akicheka, akidhani ni mchezo. Kitu kama matone ya mvua kilinigonga kwenye shavu na sikioni. Niliendelea kuvuta, nikirudi nyuma kwa magoti, mpaka nikahisi jua mgongoni. Nilipomwinua mtoto nilikuwa nimejikojolea.

Mama Pacha, jirani yetu, alikuwa amefika. Alikuwa Msumbwa, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Alinifuta shavu kwa kanga yake, akaninusa usoni kama mbuzi anavyonusa mwanawe, akaona macho yangu ni salama, akaniacha. Alimlaza mama chali, akamfumbua kope kwa nguvu, akammwagia maziwa, kisha maji, kisha maziwa tena. Mama alikuwa anapiga teke ardhi.

"Naona nini?" mama alikuwa anauliza. "Mbona sioni kitu? Ni usiku?"

Jua lilikuwa kali.

Baba alikuja mbio, akamkuta mama katika hali ile. Hakuuliza nyoka alikuwa wapi. Alijua. Alitazama mlango wa chumba. Kesho yake alfajiri lori la pamba lilikuwa linakwenda Shinyanga, akampakia mama juu ya robota, amefungwa kitambaa machoni, na mama mdogo, dada yake mama, akimbeba mtoto. Walikwenda hospitali ya misheni Kolandoto. Mimi nilibaki kwa Mama Pacha. Mlango wa nyumba yetu ulifungwa kwa nje kwa mti, nyoka akiwa ndani, kwa sababu hakuna aliyemwona akitoka. Kila nilipopita uani nilizunguka mbali, na usiku nililala nimejifunika gubigubi nikihisi kitu kinapanda kwenye mguu wangu.

Baba aliporudi peke yake nilimwamkia, "Shikamoo, baba," na sikuweza kuuliza zaidi.

"Marahaba, mayu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, mama yake. "Wamemfunga macho yote mawili. Daktari amesema tusubiri."

Jioni ile wanaume walikusanyika. Baba Pacha, fundi baiskeli, ndiye aliyesema walichokuwa wanafikiri wote. "Karani, tuchome. Tutoe bati, tutie moto humo ndani na nyoka wake. Nyumba utajenga nyingine."

"Na makaratasi?"

"Makaratasi ndiyo yaliyomleta!"

Baba alitazama mlango uliofungwa. Nilikuwa nyuma ya kibanda cha kuku nikimtazama. Alikuwa anaogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa.

"Stakabadhi zangu zimo humo," alisema hatimaye. "Vyeti vya watoto vimo. Siwezi kuchoma nisichokijua. Nitatoa kimoja kimoja, mchana, nje. Mwenye hofu asije."

Kesho yake alivaa miwani ya kuzuia vumbi la mawe aliyotoka nayo mgodini. Ilimfanya afanane na panzi, lakini hakuna aliyecheka. Alikuwa na jembe lililofungwa kwenye mti mrefu, na Baba Pacha alisimama mlangoni na fimbo. Mimi niliwekwa uani, juu ya kinu kilicholazwa, mbali na mlango.

"Wewe unasoma," baba aliniambia. "Nitavuta nje, Baba Pacha atakung'uta, wewe utatenga. Za serikali hapa. Za watoto hapa. Za kuchoma kule."

Akaingia. Nilisikia jembe likikwaruza sakafu. Kila furushi lilipotoka, Baba Pacha alilipiga kwa fimbo, akalipindua kwa ncha, akaruka nyuma. Panya wachanga walimwagika, wekundu, vipofu. Nge alitoka. Nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua karatasi kama mtu anayetoa kitu motoni.

Mwanzo baba hakutaka kuchoma chochote. Nilikuwa naita kutoka uani, "Baba, barua ya mtu wa Ushirombo anauliza bei ya baiskeli!" na yeye anajibu kutoka gizani, "Weka!" Nikaita, "Daftari langu la hesabu, limeliwa nusu!" na yeye, "Weka!" Rundo la kuchoma halikuwa na kitu zaidi ya vumbi.

Kisha akavuta gunia la daftari zangu za darasa la kwanza. Baba Pacha alilipiga, akalipindua, na kitu kirefu cheupe kikatoka, chepesi, kikapeperuka kidogo kwa upepo. Nilipiga kelele nikakimbilia kwa Mama Pacha. Lilikuwa gamba la nyoka, zima, limejifunga katikati ya daftari kama uzi wa kufungia barua. Baba alitoka. Alivua miwani, akachuchumaa karibu na lile gamba. Lilikuwa la zamani, limekauka. Chini yake palikuwa na jingine, dogo zaidi. Nyoka yule hakuwa mgeni. Alikuwa amekulia kwetu, akila panya waliokula daftari zangu, mama akilala juu yake na mtoto tumboni.

"Mungu wangu," baba alisema. "Mungu wangu, nimewalaza watoto wangu hapa."

Aliketi chini mavumbini. Mama Pacha akaniambia nisimwangalie, lakini nilimwangalia. Aliposimama alikuwa mtu mwingine.

"Hii?" aliniuliza, akinyanyua karatasi kwa ncha ya jembe.

"Mtihani wa jiografia."

"Ulifaulu?"

"Hapana."

"Moto."

Tukaenda hivyo mpaka jua likapita utosini. Barua za watu waliosahauliwa, moto. Daftari zilizoliwa, moto. Katika stakabadhi za kodi aliacha za miaka ya karibuni, akashika zile za ujanani kwa muda, kisha akazitupa mwenyewe. Kwangu mimi alisema nichague vitu ambavyo ningeweza kuvieleza nikiwa mtu mzima. Nilichagua utepe, ripoti moja ambayo mwalimu aliandika maneno mazuri, na ng'ombe mmoja wa miguu mitano. Vya kwangu vikaenea kwenye bahasha moja. Nyumba nzima, serikali na watoto, ikaenea kwenye kisanduku kimoja cha chai chenye mfuniko.

Lakini nyoka hakuonekana.

Baba Pacha aliingia, akachokoa fito, akachokoa chini ya kitanda kilichobaki kitupu. "Amekwenda zake," alisema. "Alitoka siku ileile."

Wote wakapumua. Mimi sikupumua. Nilikuwa nakifikiria kikapu cha ukindu nyuma ya kihenge. Nilimwona mama na kidole chake mdomoni, nikamwona kwenye kitanda cha hospitali na vitambaa machoni. Ningenyamaza, tungelala mle usiku ule.

"Baba," nilisema. "Kuna kikapu."

"Kikapu gani?"

"Nyuma ya kihenge. Cha vitu vya kaka."

Baba alinitazama kama hakunielewa, kisha akaelewa, na uso ukamlegea. Akavaa tena miwani, akaingia, na Baba Pacha akamfuata.

Tulisikia kihenge kikisukumwa. Tulisikia ile pumzi, ya kupuliza moto kwa hasira. Baba Pacha akapiga ukelele, fimbo ikagonga ukuta, mtama ukamwagika. Mama Pacha alinikumbatia kichwa tumboni kwake, nikawa siwezi kuona, nasikia tu kishindo baada ya kishindo na sauti ya baba, ambayo haikuwa inatamka neno lolote. Iliendelea hata baada ya vishindo kukoma.

Baba Pacha alimtoa nyoka akining'inia kwenye jembe, bado anajikunja. Nyuma yake akaja baba, miwani imetapakaa matone, kikapu kifuani. Alipita mbele yetu sote, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemfuata.

Kikapu kile hakukichambua. "Hiki ni cha mama yako," aliniambia. Aliomba ruhusa ghalani, tukapanda lori kwenda Shinyanga, na kikapu kikawa magotini pake njia nzima.

Pale Kolandoto mama alikuwa ameketi kitandani, amefungwa macho, mtoto ananyonya. Nilimshika mkono akanijua kwa mkono. Nilidhani angenikasirikia. Baba alipoweka kikapu karibu naye, mama aliupapasa ukindu.

"Nilivificha," alisema.

"Najua."

"Nyoka alikuwa humo?"

"Alikuwa nyuma yake. Tumemuua."

Mama alitikisika mwili mzima, kwa hofu iliyochelewa. Kisha akaanza kutoa karatasi moja moja kwa vidole. "Hii ni nini?" Baba alisoma. Alisoma imla ya kaka, makosa yote. Alisoma jina lake lililoandikwa safu baada ya safu, herufi moja ikiangalia nyuma kila mara. Baba alisoma kwa sauti kavu, ya karani, kwa sababu bila hivyo asingeweza. Mama alikuwa anasikia vitu hivyo kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima alivitunza bila kujua vinasema nini.

Akatoa karatasi ya rangi, imekunjwa kwa uangalifu.

"Na hii?"

Baba akaigeuza. "Hii si ya shule. Ni karatasi ya sabuni."

"Ni ya kwake?"

"Sijui. Labda aliiokota."

Mama alipitisha vidole kwenye mikunjo. "Aliikunja yeye," alisema. "Nipe hii, na ile ya jina. Nyingine uzichukue."

"Nizipeleke wapi?"

"Nitakaporudi tutazichoma pamoja. Usizichome peke yako."

Siku walipomfungua macho nilikuwepo. Muuguzi alifungua kwa upole, kitambaa kikaanguka mapajani. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, linatafuta. La kushoto lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe, na ukungu huo haukuondoka mpaka anakufa. Alimtazama mtoto kwanza, akimgeuza huku na huku, akimhesabu vidole. Kisha akanitazama mimi, akatazama mlango, akatazama chini ya kitanda chake cha chuma.

"Inama," aliniambia. "Angalia chini ya kitanda."

Niliinama. Palikuwa na sakafu safi ya saruji na ndala zake. "Hakuna kitu, mama."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena.